Siagi ya Jumatano

Goba, 5 Meskerem 2016

Mwanangu Dagim,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Yetnayet na kwa mjukuu wangu Mahlet. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo sikutarajia yawe mazima. Pagume, kile kimwezi cha siku tano kinachofunga mwaka, mara hii ilikuwa ya siku sita, na hiyo ya sita niliitumia kufua mablanketi, kwa kuwa siku inayokuja mara moja katika miaka minne haifai kupotelea kitandani. Shayiri imekubali. Kuku wangu wawili wamechukuliwa na mnyama ambaye jirani yangu Zeyneba anasema ni fisi, nami nasema ni mbwa wake. Shela mliyonitumia imefika, naivaa hata jikoni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Hidar, siku ya Mikaeli, tarehe kumi na mbili, zamu ya mahiber, chama chetu cha kanisa, inaangukia nyumba yetu. Wanachama ni kumi na wawili, kila mmoja ana mwezi wake wa kukaribisha wenzake, na Hidar ndio mwezi wa baba yako tangu kabla hujazaliwa. Alipofariki nilishika mimi nafasi yake, mwaka wa tisa huu. Nimechoka, Dagim. Padri akiomba simsikii, nakisia kwa kutazama midomo. Mwezi uliopita nilisema "amina" kumbe mwenzangu alikuwa anaeleza habari za mguu wa ng'ombe wake. Watu walicheka, nami nikacheka nao ili wasijue kwamba sijui tunachocheka.

Nataka mwaka huu ukae wewe mahali pa baba yako, kaka yangu. Mje wote watatu. Mtoto hasa asikose.

Usijaribu kunipigia simu. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye ubao wa simu wa Goba nikiwaunganisha watu kwa masikio haya, na sasa yamestaafu. Andika. Macho bado ninayo.

Shangazi yako,
Aselefech


Addis Ababa, 4 Oktoba 2023

Mpendwa Shangazi,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kwamba shela inakufaa. Sisi huku Ayat hatujambo. Mvua zimekwisha, lifti ya jengo letu haijatengenezwa, kwa hiyo magoti yetu nayo yanakaribia yako. Yetnayet anakusalimu sana, mwaka huu amepewa hesabu za darasa la saba, wanafunzi sitini na wanne. Mahlet ameanza darasa la kwanza na ameng'oka jino la mbele. Anakusalimu kwa kupiga mluzi kwenye pengo.

Umeniuliza mara mbili ni kazi gani hii ninayoifanya nikiwa nimevaa soksi. Ni hivi. Kuna madaktari watatu wa meno huko Denmark, na mimi ndiye ninayetunza kalenda zao. Mgonjwa wao akitaka kung'olewa jino, mimi hapa mezani ndiye ninayemwambia aje siku gani na saa ngapi. Wakifungua wao, kwetu ni saa tatu asubuhi, na wakifunga hapa giza limeingia. Watu wanadhani kufanyia kazi nyumbani ni kupumzika. Nakuambia, Shangazi, bila kalenda ningekuwa nimechanganyikiwa. Kwenye simu yangu kila kitu kina rangi: bluu ni madaktari, kijani ni mambo ya nyumbani, manjano ni Mahlet. Nikiwa kikaoni nabandika karatasi nyekundu mlangoni, na kila mtu anajua asigonge.

Kuhusu Mikaeli, usiwe na wasiwasi. Ipo kwenye kalenda. Mwaka juzi niliiweka ijirudie yenyewe kila mwaka, na simu itanikumbusha wiki moja kabla na siku moja kabla. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukosa miadi hata moja.

Mwanao,
Dagim


Goba, 8 Tikimt 2016

Mwanangu Dagim,

Barua yako ya tarehe nne ya mwezi usiojulikana hapa Goba, ya mwaka ambao sisi hatujaufikia bado, imefika. Nilihesabu kwa vidole kujua uliiandika lini, Zeyneba akanisaidia kwa vidole vyake vilivyobaki. Mwambie Mahlet ule mluzi wake nimeuona. Mimi si mgonjwa. Vitunguu saumu vimeoza ghalani, kosa langu, niliviweka karibu na dirisha.

Nimeisoma habari ya rangi mara mbili. Bluu, kijani, manjano. Nami nilikuwa na taa ndogo kwenye ubao wangu, kila laini na taa yake, kwa hiyo nakuelewa kuliko unavyofikiri. Tulipata wakati fulani msichana mgeni kazini, mwepesi wa mkono, hodari kweli. Siku moja mteja wa Ginir anataka kusema na mkewe Addis, na mwingine anamtaka mfanyabiashara wa kahawa, naye yule msichana akaona awahi, akachomeka waya hizo mbili kwa haraka bila kutazama taa. Bwana wa Ginir akaongea dakika tatu nzima za mapenzi na mfanyabiashara wa kahawa. Mshika mbili moja humponyoka, nikamwambia, lakini hapa zimekuponyoka zote.

Hiyo karatasi nyekundu ya mlangoni, Mahlet anaisomaje? Na ikiwa imebandikwa, mtoto anakaa wapi na nani? Nauliza tu, kuuliza si ujinga.

Mlete. Sikio la kulia limefunga tangu Pasaka. La kushoto bado linapokea kidogo mtu akiweka mdomo karibu kabisa. Sauti ya Mahlet ni nyembamba, na sauti nyembamba ndizo zinazoondoka mapema. Nilikwenda kwa daktari wa mjini Robe, akasema aliyoyasema. Nitakueleza ukija.

Shangazi


Addis Ababa, 8 Novemba 2023

Mpendwa Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi imekuwa nyingi. Wenzetu kule wamerudisha saa zao nyuma kwa ajili ya baridi, kama wanavyofanya kila mwaka, na kalenda nzima imebidi isogezwe. Hapa wote wazima.

Safari iko vilevile. Nitafika Goba Jumatatu tarehe 20 jioni. Mikaeli ni Jumanne tarehe 21, nitakuwa nawe siku nzima. Jumatano tarehe 22 ndiyo siku ya kupanga kalenda yote ya mwaka ujao, kikao cha kutwa, madaktari wote watatu. Nitakifanyia kwenye hoteli moja pale Robe yenye mtandao mzuri. Kwa hiyo kila kitu kinaingia mahali pake.

Usihangaike kununua chochote. Nitaleta kilo mbili za siagi nzuri kwa ajili ya kitoweo cha kuku, na mayai pia.

Huenda nikaja peke yangu. Mahlet ana shule.

Dagim


Goba, 3 Hidar 2016
(kwa mkono wa dereva wa basi, asiipeleke posta)

Dagim,

Mimi mzima. Kuku aliyebaki mzima. Zeyneba anasalimu.

Unaniletea siagi. Mwanangu, Mikaeli ya mwaka huu imeangukia Jumatano. Siku ya Jumatano, siku yetu ya mfungo, nani kati ya wazee wale kumi na mmoja atakula siagi, mayai na kuku? Nimeshaloweka dengu, nimeshasaga unga wa mchuzi wa shiro, na padri ameshauliza kama kabichi itakuwepo. Ukitokea na kilo mbili za siagi nitaipaka kwenye magoti.

Nilikaa na barua yako nikijiuliza Jumanne umeitoa wapi. Mtu anayepanga meno ya Denmark hawezi kukosea siku kwa uzembe. Ndipo nikakumbuka mablanketi. Pagume ilikuwa ya siku sita, Dagim. Nilikuandikia. Mwaka wetu ulichelewa kuanza kwa siku moja, kwa hiyo tarehe zetu zote zimesogea siku moja kwenye zile za wageni, na zitabaki hivyo mpaka wao nao waongeze siku yao Februari. Simu yako inajirudia kama ulivyoiagiza. Inahesabu kwa mwaka wa jana. Mganga hajigangi.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza: tangu mwaka uanze, ni kitu gani kingine umekihesabu hivyo?

La pili. Barua zako zote za miaka sita zina mstari wa Yetnayet anakusalimu. Hii haina. Unasema wote wazima, kama opereta anayesema laini ina shughuli. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kwa kimya sasa ni mtaalamu.

Nijibu kwa basi lilelile.

Shangazi


Addis Ababa, 17 Novemba 2023, yaani 7 Hidar. Nimehesabu mara tatu.

Shangazi,

Nashukuru u mzima. Dereva ameniletea barua mpaka mlangoni na amekataa chai.

Nitakuandikia yote, maana sina mwingine wa kumwandikia.

Yetnayet alikuwa na mafunzo ya walimu mjini Adama, siku tatu. Kabla hajaondoka aliniambia: tarehe ishirini na mbili Tikimt shule ya Mahlet inafunga saa sita, walimu wana mkutano, umchukue mapema. Yeye ni mwalimu wa serikali, tarehe zake zote ni za Tikimt na Hidar. Zangu zote ni za kule. Ndivyo tunavyoishi humu ndani, kila mmoja na kalenda yake. Nilichukua simu palepale mbele yake, nikabadilisha kichwani kama ninavyobadilisha siku zote, nikaiweka tarehe mosi Novemba kwa rangi ya manjano. Nilijisifu hata. Nilimwambia, unaona, nimemaliza.

Tarehe mosi nikaomba ruhusa katikati ya kazi, nikafika shuleni saa sita. Mlinzi akaniambia leo hawafungi mapema, rudi saa tisa na nusu. Nikasema moyoni wamebadili mawazo. Nikarudi saa tisa na nusu, nikamchukua, mambo yakaisha.

Kesho yake ndiyo ilikuwa ishirini na mbili.

Nilikuwa kikaoni, simu nimeinyamazisha, karatasi mlangoni. Kikao kikarefuka. Nilifika saa kumi na nusu nikijua nimechelewa saa moja. Kumbe nimechelewa saa nne na nusu. Mahlet alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi. Walimu wote walikuwa wameondoka. Aliona haya kumwomba mlinzi ampeleke chooni, kwa hiyo alikuwa amejilowesha na amekaa juu ya begi lake ili asionekane. Hakulia. Aliniuliza kama kikao kimekwisha.

Yetnayet alirudi jioni ile. Mtoto alimweleza kabla yangu. Hapo, Shangazi, ningeweza kusema neno moja. Badala yake nilitoa simu. Nilimwonyesha ile manjano ya tarehe mosi, nikamwambia tarehe uliyonipa niliitimiza, nilikwenda, muulize mlinzi, aliyekosea ni wewe. Nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba hajui kuhesabu.

Aliishika ile simu, akanirudishia. Akasema, "Baba Mahlet, sijakuuliza tarehe. Nimekuuliza mtoto alikaa wapi."

Asubuhi alikwenda kwa mama yake Kotebe na Mahlet. Hakupiga kelele wala hakubamiza mlango. Ni wiki mbili sasa. Mahlet anakwenda shule kutoka huko. Nyumba ni tulivu, ule utulivu niliokuwa nauomba kila siku ili nifanye kazi, na siwezi kufanya kazi. Karatasi nyekundu bado imebandikwa na hakuna wa kuisoma.

Nilikuwa bado naamini alikosea yeye. Mpaka barua yako ya siagi.

Tangu dereva aondoke nimeandika ujumbe kwa Yetnayet mara nne na kufuta mara nne. Na kuna jambo jingine. Kama Mikaeli ni Jumatano, basi ni siku ileile ya kikao cha mwaka. Nisipokuwepo watampa mtu mwingine kalenda hizo, na sijui watanibakizia nini. Nikiwepo, mahali pa baba pana mtu au hapana?

Sijui niweke nini, Shangazi.

Dagim


Goba, 9 Hidar 2016

Mwanangu,

Sitakuambia uje wala usije. Una miaka thelathini na minne.

Nakuambia mambo mawili tu. Nenda Kotebe leo, kwa miguu yako. Simu iache nyumbani. Usieleze habari ya Pagume. Najua unaijua sasa na inakuwasha mdomoni. Ukimweleza Yetnayet habari ya siku sita atasikia kwamba wa kulaumiwa ni mwezi. Mwambie "nilikosea", ukae kimya. Akikujibu, sawa. Asipokujibu, kunywa kahawa ya mama yake, shukuru, ondoka.

La pili ni lile nililosema nitakueleza ukija. Daktari wa Robe alisema sikio la kushoto haliwezi kufika Krismasi. Hilo ndilo alilosema. Sikuliandika kwa sababu huruma hainisaidii kuchagua dengu. Lakini wewe umeandika yako yote, nami siwezi kubaki na yangu. Nilitaka kumsikia mtoto mara moja. Nilikuwa nimejiwekea hivyo tangu Meskerem, na sina rangi ya kuipaka.

Ukija, njoo bila siagi.

Shangazi


Goba, 20 Hidar 2016

Mwanangu Dagim,

Natumaini mlifika salama na lifti imetengenezwa, ingawa hilo la pili ni kuomba muujiza. Mimi mzima. Vyombo vya mahiber vimerudi vyote isipokuwa sahani moja, na najua iko kwa nani. Zeyneba anasema tangu mwondoke mbwa wake anakaa mlangoni kwangu akimtafuta Mahlet.

Nakuandikia kwa sababu Mikaeli niliiona lakini sikuisikia. Sikio la kushoto lilinikatikia Jumatatu, siku mbili kabla, asubuhi nikiwa napepeta. Sikumwambia mtu, wageni kumi na wawili pamoja na padri wanakuja na shiro haijachemka. Niliiona siku nzima kama mtu aliye nje ya dirisha. Kwa hiyo nitakuandikia nilichokiona, wewe unijazie maneno.

Nilikuona umekaa mahali pa kaka yangu. Ulikaa vibaya kidogo, ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Padri alipokata mkate wewe ndiye uliyepokea kipande cha kwanza, mdomo wako ukasema kitu kirefu kuliko amina. Kisha wazee wakakupiga mgongoni. Ulisema nini?

Wakati wa saa tano nikaona kila mtu amegeuka kutazama mlango. Yetnayet na Mahlet wamesimama pale wana vumbi la njia ya Shashemene. Sikujua kama wanakuja. Uso wako ulionyesha kwamba hata wewe hukujua. Ulisimama. Yeye akakusalimia kama anavyosalimia wengine wote, akaniinamia mimi magotini, akaenda kukaa karibu na mlango. Begi lake hakulitua. Alikula na begi begani. Mimi nimeona abiria wengi, najua mtu ambaye gari lake linamsubiri.

Halafu Mahlet alikuja. Nilikuwa nimekaa kwenye majiko ya kahawa. Akaweka mikono yake miwili kwenye sikio langu la kushoto, akaniambia kitu. Nilihisi pumzi. Ilikuwa na joto na harufu ya dengu. Sikusikia chochote, Dagim, hata mluzi. Aliponiachia alinitazama akingoja, na mimi sikuweza kumwambia mtoto aliyesafiri siku mbili kwamba amechelewa siku mbili. Kwa hiyo nikamwitikia kwa kichwa, nikacheka.

Alifurahi mno, akamkimbilia mama yake, akamwambia kitu. Yetnayet akanitazama, muda mrefu. Kisha akatua begi, akavua viatu, akaingia jikoni kuosha vikombe. Asubuhi yake mkaondoka wote watatu kwa gari moja.

Nimekaa na jambo hilo siku nane. Mtoto aliniambia nini? Muulize, uniandikie.

Shangazi yako


Addis Ababa, 28 Hidar 2016

Mpendwa Shangazi,

Sisi hatujambo, lifti haijambo kidogo, inafika ghorofa ya tatu. Yetnayet anakusalimu. Anasema sahani unayoitafuta ipo kwake, aliifungia mkate wa Mahlet wa njiani, na anaona haya.

Nakujazia kwa mpangilio uliouliza. Kwa padri nilisema Mungu awape nguvu wote wafike mwakani, na kwamba tutawakaribisha tena Hidar Mikaeli, nikataja na siku itakayoangukia. Wazee walinipiga mgongoni kwa sababu niliipatia.

Kuhusu Kotebe, nilikwenda siku barua yako ilipofika, bila simu, nikasema neno lile moja. Yetnayet alijibu, "Nimesikia," akaingia ndani. Nikanywa kahawa ya mama yake vikombe vitatu, nikaondoka. Ndiyo maana ulipoona uso wangu mlangoni ulikuwa vile. Yeye aliniambia baadaye kwamba alikuja kwa ajili yako, si yangu, na kwamba alitaka kuona kama siku ya Jumatano nitakuwa Goba au Robe.

Madaktari wamempa mtu mwingine kalenda mbili kati ya tatu. Wamenibakizia mmoja, yule mzee, anayefunga mapema. Si habari njema lakini si mwisho wa dunia. Jikoni tumetundika kalenda ya ukutani ile ya kanisa, yenye tarehe zetu kwa maandishi makubwa na za kule kwa madogo. Yetnayet anaandika kwanza, kwa kalamu. Kinachobaki ndicho ninachokinakili kwenye simu, na kazi inaingia humo. Karatasi nyekundu Mahlet ameichorea kuku.

Sasa swali lako. Nilimuuliza Mahlet, akashangaa kwamba namuuliza, kwa sababu wewe ulishamjibu. Alikuambia hivi: "Bibi, leo tutalala hapa wote, mimi na mama na baba?"

Ukamwitikia. Akamkimbilia mama yake, akamwambia Bibi amesema ndiyo. Yetnayet alikuwa na tiketi mbili za gari la saa tisa mfukoni, za kurudi Robe na kuendelea. Anasema alikutazama akitafuta namna ya kukataa, akaona mwenye nyumba ameshaamua mbele ya watu, siku ya Mikaeli, naye hana pa kupitia. Akatua begi.

Jana nilimsomea barua yako yote, na ile sehemu ya pumzi pia, maana nimeapa kutomficha kitu. Alikuwa amesimama kwenye kalenda na kalamu mkononi. Kisha akasema, "Basi mtoto asijue," akageukia ukuta, akaandika jina lako kwenye Krismasi, na kando yake: Goba, sote watatu.

Mwanao,
Dagim